Namna ya Kuendesha Mkutano wa Ratiba Wazi Kuhusu Huduma za Serikali na Teknolojia: Mwongozo Kamili kwa Arusha na Moshi

Malalamiko ninayoletewa yanafanana. Kikundi kimeitisha mkutano na kutangaza kwamba washiriki wenyewe ndio watakaopanga mada. Inafika saa nne asubuhi, meza kuu imetandikwa kitambaa, mgeni rasmi yuko njiani, na kijana mmoja ameshachomeka kompyuta kwenye projekta. Jioni watu wanaondoka na picha ya pamoja. Semina nyingine imepita.

Mkutano wa ratiba wazi ni huu: unatangaza jambo kuu, ukumbi na muda, lakini hutangazi wasemaji wala mada. Waliofika wanaleta mada asubuhi hiyo hiyo, wanazibandika ukutani, na kila mmoja anakwenda kwenye ile inayomhusu. Mingi huharibika kabla ya saa tano asubuhi, kwa hiyo nimekaa sana kwenye sehemu hiyo na kupita haraka kwingine.

Mfano wote hapa ni wa washiriki 60, siku moja, raundi nne. Ukiwa na watu 30, gawa vyumba kwa mbili, usipunguze raundi.

## Vifaa vya kuwa navyo mapema

- Karatasi za bango kitita, angalau 30.
- Rimu moja ya A4.
- Makapeni 20, meusi na ya bluu. Nyekundu na kijani hazisomeki kutoka nyuma ya ukumbi.
- Tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Selotepu ya kawaida huondoka na rangi ya ukuta wa watu, na mwenye ukumbi atakudai.
- Vibandiko vya majina.
- Kengele ya mkono au filimbi.
- Ekstensheni mbili za kuchajia simu.
- Saa kubwa ya ukutani.
- Fomu ya kipindi, nakala 20 (nitaieleza hatua ya 7).

Projekta haimo, na nimeiacha makusudi. Ikiwepo ukumbini itatumika, na ikitumika kuna mtu atasimama mbele na slaidi 40. Kipaza sauti kinahitajika kwa kufungua na kufunga tu. Kwa kuwa hakuna mashine inayotegemewa, umeme ukikatika mkutano unaendelea.

## Hatua ya 1: Andika jambo kuu kama swali

"Serikali mtandao" ni pana mno; kila mtu atakuja na hotuba yake. Andika swali ambalo mtu wa kawaida amewahi kujiuliza akiwa kwenye foleni: "Leseni, vyeti na malipo ya serikali kwa simu: tunakwama wapi, na nani anaweza kukwamua?"

Swali la namna hii linamwita anayetoa huduma na anayeitafuta kwa pamoja. Ukiandika "changamoto na fursa za mageuzi ya kidijitali", mama wa soko la Kilombero atajua hajaalikwa yeye.

Utajua umepatia ukimsomea mtu swali lako, naye akaanza kukusimulia kisa chake kabla hujamaliza.

## Hatua ya 2: Tarehe na ukumbi

Jumamosi inafaa kwa watumishi wengi, maana hawahitaji kuacha dirisha la kuhudumia wananchi. Lakini angalia unamtafuta nani. Soko la Tengeru huchangamka Jumatano na Jumamosi, kwa hiyo ukitaka wauza mboga wa kule, Jumamosi umewakosa. Ukitaka Wasabato, umewakosa pia.

Epuka Juni: mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30, na watu wa mapato na uhasibu hawapatikani. Julai hadi Septemba waongoza watalii wako porini au mlimani, na hao wana mengi ya kusema kuhusu vibali. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za pembezoni zinakatisha tamaa. Nusu ya pili ya Desemba, Moshi usijaribu kabisa. Mji unajaa wanaorudi nyumbani na kila ukumbi una harusi. Mimi huchagua Februari au mwanzoni mwa Novemba.

Kwa ukumbi, tafuta shule ya sekondari siku isiyo na masomo: bwalo moja na madarasa manne. Kumbi za mihadhara za vyuo zinavutia kwa macho, ila viti vimefungwa sakafuni, na viti visivyosogea humfanya kila mtu amwangalie aliye mbele. Hoteli ina viti vizuri, lakini watu wa dirishani na wa sokoni huingia wakiwa wamejikunyata, kisha hawasemi.

Angalizo: kagua vyoo na maji siku mbili kabla. Hakikisha pia mwenye kiti cha magurudumu anafika kwenye kila darasa. Madarasa mengi yana ngazi mlangoni.

## Hatua ya 3: Barua

Andika barua tatu, wiki nne kabla.

Ya kwanza ni kwa mtendaji wa kata ulipo ukumbi, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi. Taja tarehe, mahali, idadi ya watu, jambo linalojadiliwa, namba ya simu ya mratibu, na useme wazi kwamba ni mkutano wa ndani, wa walioalikwa, usio wa chama chochote. Gari la polisi likisimama nje, watumishi wote wa umma uliowaalika watakumbuka wana msiba mahali.

Ya pili ni kwa mwajiri wa watumishi unaowataka: Mkurugenzi wa Jiji kama ni Arusha, Mkurugenzi wa Manispaa kama ni Moshi, na wakuu wa taasisi nyingine. Ukiandika "tunaomba uwakilishi", utaletewa mkuu wa idara. Andika hivi: "Tunaomba watumishi watatu wanaohudumia wananchi ana kwa ana, na afisa TEHAMA mmoja. Hawatatoa tamko kwa niaba ya ofisi."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayopata ruhusa. Kinachoogopwa ni mtumishi kunukuliwa, kwa hiyo taja katika barua kwamba mnafuata kanuni ya Chatham House: mshiriki ana ruhusa ya kutumia alichosikia, hana ruhusa ya kumtaja aliyesema wala ofisi yake.

Ya tatu ni ya mwenye ukumbi. Andikianeni, hata kama ni shemeji yako.

## Hatua ya 4: Alika watu wa aina tatu

Gawa orodha yako mafungu matatu yanayokaribiana: wanaotumia huduma, wanaotoa huduma, na wanaotengeneza mifumo. Fungu la tatu hujaa lenyewe. Vijana wa vyuo vya Arusha watakuja ukiwatumia ujumbe mmoja tu wa WhatsApp. Kazi iko kwenye mawili ya kwanza.

Kuna kundi linasahaulika kila mara, nalo lina thamani kuliko wote: vijana wa stesheneri. Tembea karibu na ofisi yoyote ya umma mjini utaviona vibanda vyao, mashine ya kutoa nakala mlangoni na kompyuta mbili ndani. Hapo ndipo mwananchi anapojaziwa fomu ya cheti cha kuzaliwa, maombi ya mkopo wa chuo, TIN, maombi ya ajira. Kijana wa stesheneri anajua ukurasa gani unagoma picha ikizidi ukubwa, na saa ngapi mtandao hausomi. Anajua pia nywila za nusu ya wateja wake, maana ndiye aliyewatungia. Hilo peke yake ni kipindi kizima.

Waalike kwa kuwafuata dukani, si kwa bango. Na elewa kwamba akifunga duka Jumamosi anapoteza mauzo.

Hapo tunafika kwenye posho. Msimamo wangu: hakuna posho ya kikao kwa yeyote, lakini nauli na chakula kwa wote, kiwango kimoja kwa kila anayetoka eneo moja, afisa na mchuuzi sawasawa. Liseme kwenye mwaliko, kwa maandishi. Ukilificha hadi mchana, mazungumzo yote ya raundi ya tatu yatakuwa kuhusu bahasha.

Angalizo: usipitishe ukumbini karatasi ya mahudhurio yenye majina na namba za simu za watu wote. Ni mazoea, lakini kila anayesaini anaweza kupiga picha namba za waliomtangulia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 2023, inakuhusu na wewe mratibu. Mtu mmoja mlangoni aandikishe, orodha abaki nayo yeye, na kila mshiriki aulizwe kama anakubali kuingizwa kwenye grupu la WhatsApp la mkutano.

Ili upate 60, alika 80.

## Hatua ya 5: Andaa ukuta jioni ya kabla

Bandika karatasi kubwa ukutani na uchore jedwali: safu za kwenda chini ni vyumba vinne, mistari ya kulala ni raundi nne. Zinapatikana nafasi 16, zote tupu.

Viti vya bwalo vipange duara, mizunguko miwili au mitatu, katikati pabaki wazi na meza ndogo ya makapeni na karatasi. Hakuna meza kuu. Ondoa hata kile kiti kimoja chenye mto. Ukifika asubuhi ukakuta mtunza ukumbi amekirudisha kwa heshima, kiondoe tena.

Muda uandike kubwa:

- 2:30 – 3:30 chai na kuandikishwa
- 3:30 – 3:50 kufungua
- 3:50 – 4:20 soko la mada
- 4:20 – 5:05 raundi ya kwanza
- 5:15 – 6:00 raundi ya pili
- 6:00 – 7:15 chakula na swala
- 7:15 – 8:00 raundi ya tatu
- 8:10 – 8:55 raundi ya nne
- 9:00 – 9:30 kufunga

Chai ya saa nzima siyo uvivu. Ndiyo inayomeza waliochelewa, ili ufunguzi uanze kwa wakati bila kumdhalilisha mtu. Maandazi yawepo ya kutosha mapema. Chai ikichelewa, itakula muda wa soko la mada.

## Hatua ya 6: Kufungua, na suala la mgeni rasmi

Hapa ndipo wengi wanapozama. Mgeni rasmi anakuja na msafara, watu wanasimama, itifaki inazingatiwa, risala inasomwa, hotuba inajibiwa, shukrani zinatolewa. Saa tano na nusu. Mbaya kuliko muda uliopotea ni kwamba ukumbi umeshajifunza nani ana haki ya kusema. Baada ya hapo ukiwaambia "leteni mada", utaona watu wanaangalia viatu vyao.

Kumkataa kiongozi si busara, na katika mji mdogo haiwezekani. Una njia mbili.

Njia ninayoipenda ni kumwomba aje kufunga. Mweleze ukweli: saa 9:00 kutakuwa na mambo ya kusikiliza, saa 3:30 hakuna kitu. Viongozi wengi hukubali, maana wanapenda kupokea mapendekezo kuliko kufungua vikao.

Kama lazima aje asubuhi, aje kama mshiriki. Avae kibandiko chenye jina bila cheo, akae kwenye duara, na umpe dakika tatu za kueleza swali moja linalomsumbua yeye kuhusu huduma anazosimamia. Lileteni suala hili kwa msaidizi wake wiki moja kabla; ukimshtukiza mlangoni umemkosea adabu.

Ufunguzi wenyewe aufanye mtu mwenye sauti na umri kidogo. Sababu ni kanuni moja ya mikutano hii ambayo kwetu inagonga mwamba: kanuni ya miguu miwili. Ukiona kipindi hujifunzi wala huchangii, unanyanyuka na kwenda kingine. Kijana wa Kichaga au wa Kimeru hawezi kumwacha mzee katikati ya sentensi akatoka, na sitaki aweze. Ruhusa lazima itolewe na mkubwa, mbele ya wakubwa wenzake. Maneno kama haya hufanya kazi:

"Shikamooni wazee wangu, habari zenu vijana. Leo nawaomba wazee wenzangu jambo moja. Mtoto akisimama wakati mmoja wetu anaongea, akaweka mkono kifuani na kutoka, hajatudharau, amekwenda anakohitajika. Na sisi tukisimama, wao wasitukimbilie na kiti."

Mkono kifuani unatosha. Bila ishara iliyokubaliwa, watu watabaki wamekaa hadi kengele, wakichezea simu.

Dalili ya mafanikio: saa 3:50 mtu wa kawaida ameshashika kapeni.

## Hatua ya 7: Soko la mada

Mwenye mada anakuja katikati, anaandika swali lake kwenye A4 kwa herufi kubwa, anasoma kwa sekunde thelathini, anabandika kwenye nafasi anayoitaka. Aliyeleta mada ndiye mwenyeji wa kipindi hicho. Si lazima awe mtaalamu, lazima awepo.

Mada nzuri ina mtu na kizuizi ndani yake:

- "Jina la cheti cha kuzaliwa na la NIDA hayafanani. Mtu aanzie ofisi gani?"
- "Namba ya malipo imeisha muda mteja akiwa bado njiani kwa wakala. Nani anatoa nyingine?"
- "Mwenye kitochi anapata huduma gani kwa *152*00# (menyu ya huduma za serikali kwa simu), na ipi inafaa iongezwe?"
- "Nywila ya mteja anayo mwenye stesheneri. Tufanyeje?"

Mada mbaya ni "Programu yangu ya kusimamia halmashauri". Mwenye biashara mwambie kwa upole: igeuze iwe swali, au iuze wakati wa chakula.

Kutakuwa na kimya mwanzoni. Acha kiwepo. Dakika mbili za kimya ukumbini zinaonekana ndefu, na mwendeshaji mwoga hujaza kwa kuanza kupendekeza mada mwenyewe. Akishataja tatu, mkutano umekuwa wake. Kinga ni ya mapema: wakati wa chai, zunguka uwasikilize watu, na ukisikia kisa kizuri mwambie msimuliaji, "Mama, hilo hilo uliandike pale." Ukiwa na wanne wa namna hiyo, kimya hakivuki dakika moja.

Mada mbili zinazofanana ziunganishe ikiwa wenyeji wote wamekubali. Nafasi 16 zisijazwe kwa lazima, 11 zinatosha. Acha mbili wazi raundi ya nne kwa mambo yatakayozaliwa mchana.

Kila mwenyeji apewe fomu ya kipindi, ukurasa mmoja wenye sehemu nne: swali, tuliyojifunza, nani ameahidi nini, lini. Achague mwandishi kabla hajaanza kuongea, na asiwe yule msichana pekee chumbani.

## Hatua ya 8: Ndani ya vyumba

Viti duara, mwenyeji aanze kwa kisa kimoja cha kweli, kisha asikilize. Dakika kumi za mwisho ziwe za fomu. Kengele ikilia, kimekwisha hata kama kimenoga; wenye hamu wabandike sehemu ya pili raundi ya nne.

Kipindi kimoja nilichokaa, Moshi, binti wa stesheneri alichora ubaoni safari ya mteja wake anayerekebisha jina: ofisi ipi kwanza, karatasi ipi mkononi, anarudishwa wapi. Mishale ilikuwa mingi hadi akaomba chaki ya rangi nyingine. Afisa TEHAMA aliyekuwa kimya tangu asubuhi alisimama akauliza kama anaweza kupiga picha ubao, kwa sababu mfumo anaoutunza aliujua kutoka ndani tu. Hakuna slaidi ingefanya hivyo.

Yako mambo matatu ya kuzuia. Mtumishi akianza kushambuliwa ("ninyi watu wa halmashauri..."), mwenyeji aseme: tunazungumzia utaratibu, huyu kaja kutusaidia. Asipofanya hivyo, mkutano ujao hatakuja mtumishi yeyote. La pili, mtu asionyeshe kwenye simu au ubaoni namba halisi ya NIDA au TIN ya mtu ili kutolea mfano. Andikeni tarakimu za kubuni. La tatu, picha za nyuso ziombewe idhini. Ubao piga utakavyo.

Chumba kikiwa na watu wanne tu, kiacheni. Wanne wenye shida moja hufika mbali kuliko ishirini.

Chakula kigawiwe kwa mistari miwili. Wali, maharage, mboga na ndizi vinatosha. Mtori ni mtamu ila watu 60 wakisubiri kikombe kimoja kimoja raundi ya tatu itaanza saa nane.

## Hatua ya 9: Kufunga

Rudini kwenye duara. Kila mwenyeji anasimama, anasoma sehemu ya tatu na ya nne ya fomu yake tu, sekunde arobaini. Usiruhusu muhtasari wa majadiliano.

Ahadi iwe ya mtu aliyepo na iwe ndogo. "Serikali iboreshe mifumo" ifute. "Nitachapa orodha ya karatasi zinazohitajika na kuibandika mlangoni kwetu kabla ya tarehe 20" iandike. Kwenye fomu weka jina lake akikubali; kwenye taarifa itakayosambazwa andika "mshiriki kutoka ofisi ya kata".

Sasa mgeni rasmi aongee, dakika kumi, na ajibu ahadi mbili alizozisikia.

## Hatua ya 10: Siku saba zinazofuata

Siku ya kwanza, piga picha fomu zote na uziweke mahali pamoja. Siku ya tatu, tuma taarifa ya kurasa zisizozidi nne kwa washiriki na kwa waajiri walioruhusu watumishi, ukiwashukuru kwa barua. Mkurugenzi aliyepata barua ya shukrani hatakuuliza maswali mengi mara ya pili.

Grupu la WhatsApp liwe na wasimamizi wawili na kazi moja: kufuatilia ahadi. Likianza kupokea salamu za asubuhi na matangazo ya viwanja, fungia watume wasimamizi pekee.

Kama swali lilikosa mwenye jibu, mwananchi yeyote aliyekuwepo anaweza kuliandika rasmi kwa taasisi husika kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inaipa taasisi siku 30 za kujibu. Andikeni barua hiyo pamoja wiki hiyo hiyo, maana kisa kikipoa hakiandikiki.

Baada ya wiki sita mpigie simu kila aliyeahidi. Muulize maswali mawili: limefanyika, na kama halijafanyika limezuiwa na nini. Majibu ya swali la pili ndiyo mada za kubandika mwakani. Kabla hujapata angalau matatu, usitangaze tarehe wala usilipie ukumbi.